Kitovu cha Gololi

Mimi gololi nazijua. Wajukuu hunicheka nikisema hivyo, kana kwamba nimejisifu kujua kuhesabu vidole, lakini wao hawajawahi kushika gololi iliyotengenezwa kwa mkono. Hawataishika pia, maana zote zilizofika Rumonge, mji wetu wa ziwani, tuliziharibu sisi.

Zilikuja mwaka wa uhuru. Mfanyabiashara mmoja Mgiriki alikuwa anafunga duka lake karibu na soko arudi kwao, na asubuhi ya kupakia mizigo akamwaga mfuko mzima wa gololi barazani, akatuambia watoto tuchukue. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Bendera mpya zilipepea kila mahali, wakubwa wanaimba, na sisi tuko chini kwenye vumbi tunapigana viwiko. Sijapata tena furaha kama ile, nasema kweli.

Nyingi zilikuwa za mashine, zote sura moja. Lakini kumi hivi zilikuwa na nyuzi za rangi zilizosokotwa ndani, nyekundu, nyeupe na buluu, na upande mmoja zilikuwa na kovu dogo, pale zilipokatwa kutoka kwenye kijiti cha kioo. Tuliliita kitovu. Kwa akili zetu tuliona kitovu ni ubovu, kwa sababu gololi ikibingirika juu yake ilipinda njia. Basi tukavisaga vitovu vyote kwenye jiwe la kunolea mapanga ya kukatia ngazi, vile vichala vya mchikichi vinavyotoa mawese. Miaka mingi baadaye, padri mmoja aliyependa kukusanya vitu vya zamani aliniambia kwamba kitovu ndicho hasa wanachokitafuta wenye kuzijua. Alinitazama kana kwamba nimepasua mlango wa nyumba yangu kuwa kuni.

Kazi yangu ilikuwa kuamua ugomvi. Kila mtu alidai gololi nzuri ni yake, na kuzitambua haikuwa rahisi. Jua la ziwani huigeuza buluu ikaonekana kijani. Mbaya zaidi yalikuwa mawese. Radjabu, mjanja wetu, aliipaka gololi yake iliyochakaa mafuta kidogo tu, mikwaruzo yote ikapotea, kisha akaibadilisha na mpya ya mwenzake. Mimi nilizisugua kwanza kwa majivu, nikazifuta kwa kanga ya mama, ndipo nikaangalia mahali pa kitovu, maana kila mtu alisaga kwa mkono wake. Aruna hakuwa na subira. Alisugua mara tano akaacha kibapa, yaani sehemu bapa iliyolala upande. Mulamba, ambaye wazazi wake walitoka Uvira, alikaa nusu siku anazungusha mpaka pakawa laini na mviringo, huwezi kupasikia kwa kidole. Nilimkaripia sana Aruna kwa kazi ile mbovu. Baadaye nikaolewa naye, kwa hiyo msinisifu sana kwa kuamua.

Mwaka wa sabini na mbili watu walichukuliwa na askari majumbani na hawakurudi. Mwezi wa tano Aruna alitoka kwa mlango wa nyuma, gololi yake mfukoni kama kawaida, akasema anakwenda Nyanza-Lac kutafuta mtumbwi wa kukimbilia ng'ambo. Mulamba aliondoka wiki ileile, naye na gololi yake. Nilibaki na mama mkwe wangu, Sikuzani. Miezi minne hatukusikia neno. Sikuwa mke, sikuwa mjane. Majirani wa msikitini walianza kuuliza kwa upole habari ya eda, na mama mkwe akawafukuza.

Ndipo akaja Amuri, mvuvi wa Kabonga, na gololi moja ndani ya kitambaa. Alisema kijana mmoja ng'ambo, upande wa Tanzania, ndiye aliyempa. Kijana hakutaka kutaja jina lake, na barua hakuthubutu kuandika, kwa sababu karatasi yenye jina ikikutwa mfukoni ingemponza mbebaji. Sura ya kijana huyo Amuri hakuweza kuieleza. Walikuwa wengi kule, wote wamekonda, wote na nguo za kuazima. Kijana alisema maneno machache tu: “Mupe Asiya wa Rumonge. Yeye atajua.”

Mama mkwe aliinyakua. Nyuzi nyekundu, nyeupe, buluu. “Iko ya mutoto wangu,” alisema, akakaa chini akalia, halafu akanirudishia, akaenda kubandika wali. Mchele wenyewe alikuwa ameuficha kwa ajili ya siku Aruna atakaporudi. Mimi nilibaki na gololi inateleza mkononi. Amuri alisafirisha pia madebe ya mawese, na kila kitu chake kilijaa mafuta. Mahali pa kitovu hapakuonekana.

Ningeweza kuiacha vile. Nilikaa nayo mpaka maji yakachemka, na nilitaka iwe ya Aruna kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Kisha nikachota majivu jikoni, nikasugua, nikaifuta, nikaiinua juani.

Palikuwa laini, mviringo. Nikasugua tena, mjinga mimi, kana kwamba kibapa kingetokea. Kama Aruna angekuwa hai kule ng'ambo, zingekuja gololi mbili.

Nilikwenda kwanza kwa Émérance, mama yake Mulamba, kwa sababu miguu ilikataa kwenda jikoni. Aliishika kwa mikono miwili, akaibana shavuni. Mtoto wake alikuwa hai. “Murakoze, mwanangu,” alinishukuru, kisha akaniuliza habari za Aruna. Nilitikisa kichwa, na furaha yake ikaona haya mbele yangu. Hilo liliniuma kuliko yote.

Niliporudi, wali ulikuwa umeiva. “Mama,” nilisema, “ile haiko ya Aruna. Iko ya Mulamba.”

Mama mkwe hakugeuka. “Ungeniachia hata siku moja,” alisema.

Nilimwambia siku ile ilikuwa ya Émérance. Aliweka mwiko chini, akafunika sufuria, akaifunga kwa kanga yake nzuri na kunipa.

“Mupelekee ungali moto,” alisema. “Mwambie nimefurahi. Mwambie nitakuja mwenyewe, nikipata nguvu.”

Nilibeba sufuria ile njia nzima nikilia mbele ya watu, na ndivyo mtaa ulivyojua kwamba nimeanza eda.