Springi za Amplifaya ya Baba

Mimi Scolastica ni fundi redio hapa Mpanda, mwaka wa kumi na sita huu, na sipendi kufundishwa kazi. Ndiyo maana kaka yangu Danford alipotuma amplifaya ya gitaa kutoka Dar na kuniandikia, "Usiifungue, ni nzima," niliifungua siku ileile.

Ilikuwa mpya lakini imeundwa kizamani: boksi la mbao, valvu za kioo mfano wa balbu, na chini kabisa bati refu lenye springi mbili nyembamba zinazoning'inia. Nilipozigusa zikatetemeka. Nikajiambia hizi ni za kukinga valvu zisivunjike njiani, kama shokomzoba za basi. Kwa kuwa safari imekwisha, nikazibana kwa vipande vya godoro zisipige kelele. Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi sikuuliza.

Amplifaya ilikuwa ya baba. Mzee Silvesta alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi zamani, na sasa masikio yake yanapungua mwezi hadi mwezi. Alitaka kitu kimoja tu kabla hayajazima: ausikie tena mwangwi wa gitaa lake.

Jumapili baada ya misa tukaiweka uani kwake, Misunkumilo. Valvu zikawaka rangi ya makaa. Baba akapiga. Sauti ikatoka nene, safi, ikakatika palepale. Akazungusha kitufe cha mwangwi hadi mwisho, akapiga tena, kisha akalilaza gitaa mapajani.

"Basi, mama," akaniambia. "Mwangwi upo, masikio ndiyo hayaupati. Yamekwisha haya."

Machozi yalimlengalenga. Nami nilisikia vizuri kabisa kwamba mwangwi haukuwepo. Nikakumbuka waya wa kitufe kile ulikoelekea: kwenye bati la springi. Kumbe kutetemeka kwa springi zile ndiko kunakoleta mwangwi. Ningenyamaza, nani angejua? Aibu ilinipanda hadi kwenye masikio.

"Baba, masikio yako hayana kosa!" nikapaza sauti. "Kosa ni langu. Mwangwi nimeuziba mwenyewe."

Nikazima, nikafungua, nikachomoa vipande vya godoro mbele ya macho yake. Nilipowasha tena, goti langu likaligonga boksi. Springi zikatikisika, mlio kama radi ukapiga humo ndani. Kuku wakatawanyika, na baba akaruka kwenye kiti. Alikuwa amesikia!

Akapiga noti moja, akaondoa mkono kwenye nyuzi. Sauti ikabaki. Ikaujaza ua mzima kama tumo ndani ya kanisa kubwa, nasi juu yetu hatuna hata bati. Springi mbili tu, nyembamba kama spoki za baiskeli! Miaka yote hii nafungua vyombo na sijawahi kukiogopa hata kimoja. Siku hiyo nywele zilinisimama.

Kila siku mimi ndiye humpigia kelele, "Baba, unasikia?" Safari hii akaniinamia yeye.

"Sikola, unasikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.