Penseli ya Kahawia

Kaka yangu ni mhariri wa gazeti, na tangu nimjue hajawahi kusoma kitu chochote kwa mikono mitupu. Hata kadi ya harusi akiipokea, lazima kwanza atoe penseli nyekundu kwenye mfuko wa shati, arekebishe, ndipo aulize nani anaoa. Wenzake kazini walimwita Mhariri Mkuu kabla hajapewa cheo hicho, na cheo kilipokuja kilimkuta keshavimba kichwa siku nyingi. Nampenda, tumetoka tumbo moja. Lakini leo nitamsema, na asiyetaka kusikia atie pamba masikioni.

Mimi natengeneza miwani. Mbele ya duka langu kuna chumba cha kupimia macho, chenye ubao wa herufi ukutani na kiti cha kuzunguka. Nyuma kuna mashine ya kusaga lenzi, meza ndefu, viti visivyofanana na rafu ya vitabu. Jumamosi mchana nikishafunga, chumba cha nyuma huwa cha kikundi chetu cha kusoma. Tuko wachache: mimi, kaka, Mwalimu mstaafu ambaye mpaka leo anatuamuru tukae wima, na jirani yangu mwenye duka la dawa tunayemwita Mama Vidonge. Zamani alikuwepo pia wifi yangu, mke wa kaka.

Utaratibu wetu haufanani na wa watu wengine. Kitabu ni kimoja, nakala moja, kinapita mkono kwa mkono, na kila mtu ana penseli yake ya rangi. Yangu ni ya kijani, ya Mwalimu nyeusi, ya Mama Vidonge ya bluu, ya kaka hakuna haja ya kusema. Unasoma, unapiga mstari panapokugusa, unaandika pembeni lolote linalokujia, na anayefuata anakujibu papo hapo. Kurasa zetu zina ugomvi kuliko uani kwa wapangaji. Siku ya kikao, aliyeleta kitabu hafungui mdomo mpaka wengine wote wamalize, halafu neno la mwisho linakuwa lake. Kisha tunapiga kura kama kikae kwenye rafu yetu au kiende zake.

Rangi ya wifi ilikuwa kahawia. Miaka mitatu iliyopita alimwacha kaka, akahamia mji mwingine, anapika kwenye jiko la hospitali. Penseli yake ikabaki kwenye kopo pale mezani. Jumamosi iliyofuata Mwalimu aliuliza, "Na mwenzetu?" Kaka akafungua kitabu, akasema tuendelee tulipoishia. Tukaendelea. Tangu siku ile wifi hakutajwa tena humu ndani, wala nyumbani kwa kaka, ambako picha ziliteremshwa na misumari ikaachwa ukutani. Hakuna aliyetukataza. Ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumuudhi.

Kaka alibaki na binti yao. Mwaka huu binti kamaliza shule, na siku moja akaja dukani na miwani ya baba yake iliyokatika mkono. Wakati nakaza skrubu akaniuliza kama anaweza kujiunga na kikundi. Nikamwambia karibu, utaleta kitabu gani? Akatoa mkobani moja ya zile riwaya za vijana zinazosomwa kila kona, za dunia iliyokwisha kuharibika. Mji umezungushiwa ukuta, watawala wamevaa meupe, na kuna binti mkaidi anayegombewa na wavulana wawili. Nikacheka. Nikamwambia baba yako atakichinja hicho.

"Acha akichinje, bora akisome," akasema. "Kitabu cha kikundi lazima akimalize, sivyo, shangazi?"

Ndipo akanieleza. Katika mji wa kitabu kile, mtu akitoka nje ya ukuta hatajwi tena. Mama wa yule binti ametoka. Baba amebaki, na kila jioni wanakaa meza moja, wanakula, wanainuka.

"Mimi kumwambia baba siwezi. Nikifungua mdomo tu ananiuliza kama nimekula. Basi kitabu ndicho kimwambie. Akiniuliza habari za mama, hata mara moja, nabaki naye, nasoma chuo hapa hapa, mama nitakuwa naenda kumsalimia. Asiponiuliza nahamia kwa mama. Nguo nimeshapanga, shangazi."

Akaniapisha nisimdokeze baba yake. Niliapa. Nilimsogezea kopo achague rangi. Akachukua ya kahawia, nami sikumzuia.

Kitabu kikaanza safari. Kiliponifikia mimi, Mwalimu na Mama Vidonge walikuwa wameshararuana. Kila penye mapigano Mwalimu kaandika kwa nyeusi, "Haya tulishayasoma." Chini yake bluu inamjibu, "Wewe umeyasoma, mimi bado, nipishe." Penye wavulana wawili Mwalimu kauliza kwa nini katika dunia hizi zilizoharibika wavulana wazuri hawaadimiki. Mahali pengine kaandika kwamba moyo wa huyu mtoto unadunda kila ukurasa, apelekwe akapimwe. Mama Vidonge kamwambia amlete dukani, dawa ipo. Nilicheka peke yangu mpaka mteja akachungulia.

Binti mwenyewe alikuwa amepiga mstari sentensi moja tu katika kitabu kizima. Ni pale mezani, baba anamenya chungwa bila kusema neno, anampa binti nusu, na binti anawaza: "Baba, niulize mara moja tu kama namkumbuka." Mstari wa kahawia, umenyooka, umepigwa kwa rula. Nilizima mashine nikakaa na ukurasa ule. Kumdokeza kaka nilishaapa sitamdokeza, lakini kuandika pembeni ni haki yangu ya mwanachama. Nikachonga penseli yangu nikaandika, "Kaka, hapa soma mara mbili." Kisha nikampelekea kitabu ofisini kwake mwenyewe, nikakiweka juu ya makaratasi yake yote ili asijitie hamnazo.

Jumamosi ya kikao binti alikaa karibu na mlango, kitabu amekifunga mapajani. Baba yake alikuwa amemrudishia usiku wa jana bila neno, na yeye alikuwa ameshafungua ule ukurasa. Nilimtazama usoni nisipate kitu. Wa kike wa ukoo wetu tukiumia tunakuwa kama ukuta uliopakwa chokaa juzi.

Mwalimu alianza. Alisema vitabu hivi ni nguo za kiwanda kimoja, unabadilisha vifungo tu, na vijana wakizizoea watashindwa kuvaa kitu kingine. Mama Vidonge akampa vidonge vyake. Alisema yeye alilia nacho kaunta, mteja akadhani kafiwa, na kwamba watoto wanaomjia kununua dawa za kichwa za wazazi wao wanakisoma wakiwa kwenye foleni, wakati vitabu anavyovisifu Mwalimu wanavisoma wakilazimishwa. Mimi nilisema lugha yake ni mchuzi ulioongezwa maji, nakubali, lakini aliyekiandika anajua nyumba yenye kimya ikoje. Nikamtazama kaka niliposema hivyo. Alikuwa anafuta miwani.

Zamu yake ilipofika aliivaa, akakohoa kidogo. Alianza na sentensi, akaenda kwenye aya fupi fupi kama ngazi ya kuku, akafika kwenye majina ya vyeo vya wale watawala wa kitabuni. Tumeshamzoea. Halafu akaweka viganja mezani, na hapo ndipo aliposema lile ambalo mpaka leo likinirudia damu inachemka.

"Lugha tungeisamehe. Kosa kubwa ni kwamba hakiaminiki. Sheria ya kutomtaja mtu haijaandikwa popote, adhabu haipo, askari mlangoni hayupo. Na bado watu wazima, wenye akili zao, wote wanafyata ulimi mwaka baada ya mwaka, eti kwa kuwa mmoja hapendi? Huyu mwandishi hajui watu. Watu hawako hivyo."

Mama Vidonge aliinamia kucha zake. Mwalimu, anayetuamuru sisi tukae wima, aliporomoka kitini. Mimi nilitazama kopo la penseli, nikasubiri kaka ajisikie mwenyewe. Mtu akisema neno kama hilo, nilidhani, lazima limrudie sikioni. Alikunywa chai yake, akasema amemaliza.

Neno la mwisho likabaki la binti. Alifungua ule ukurasa akasoma ile sentensi ya chungwa, kisha akasoma yaliyoandikwa pembeni, akitaja rangi kama tunavyofanya siku zote.

"Kijani: Kaka, hapa soma mara mbili." Akashusha kidole mstari wa chini. "Nyekundu: Nimesoma mara mbili. Hisia za bei rahisi. Futa."

Kaka akadhani anaulizwa sababu. Akaeleza kwa upole kabisa, kwa sauti ile anayoitumia kwa waandishi wapya, kwamba chungwa linatosha. Baba amemenya, amegawa, amenyamaza. Msomaji keshaelewa, sasa sentensi ya nini tena? Na linaloniuma ni kwamba kwa uhariri alikuwa sahihi. Chungwa lilitosha. Lakini hakuna aliyekuwa anamwomba uhariri.

"Na rangi ya mstari uliiona, baba?"

"Niliiona."

"Ulijua ni ya nani?"

Hapo nilimwombea. Namjua kaka tangu nikiwa natambaa, nilijua kwamba akikawia kujibu ni kwa sababu jibu lipo. Midomo yake ilifunguka. Kisha akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni karibu na penseli.

"Mambo ya nyumbani tutaongea nyumbani," akasema.

"Nyumbani hatuongei, baba."

Hakupandisha sauti. Aliweka kitabu mezani, akasema yeye anapiga kura kikae kwenye rafu, na penseli ya kahawia hakuirudisha kwenye kopo, aliitia mkobani. Mama Vidonge akanyoosha mkono, nami nikanyoosha. Mwalimu naye akanyoosha, yeye aliyekiponda kuliko wote. Kaka hakunyoosha. Alisema kazi mbaya haigeuki nzuri kwa sababu watu wamejisikia vibaya, akachukua koti lake, na binti akamfuata kama kawaida.

Nilijipa moyo kwamba bado kuna Jumapili. Wanaume wengine hawawezi mbele za watu, nikasema, akifika kwake atafunguka. Jumatatu asubuhi binti akaja dukani na sanduku.

"Jana nimekaa sebuleni kutwa nzima, shangazi. Televisheni nilizima makusudi. Kila akipita namwangalia." Akacheka kicheko kibaya. "Aliniuliza kama nimekula."

Nilimsindikiza stendi. Njiani nilisema yote niliyokuwa nimeyameza, na jina la mama yake nikalitaja kwa sauti barabarani, mara nyingi, kama mtu anayelipa faini. Alinisikiliza kwa adabu. Kabla hajapanda gari akanishika mkono akasema heri ningelitaja lile jina pale mezani. Kisha akapanda.

Kaka hakuja kikaoni Jumamosi hiyo, wala iliyofuata. Alikuja siku ya kazi, mchana, hakuna mteja. Hakunisalimia. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye rafu, akachukua kile kitabu, akaja kukaa kwenye kiti changu cha kupimia macho kwa sababu ndiko kwenye taa kali. Akatoa raba mpya, bado ina karatasi yake.

Nilimwona nikamwacha. Penseli ya rangi haifutiki, hilo mtu anayeishi nayo mfukoni alipaswa kulijua kuliko sisi wote. Alisugua maneno yake mekundu yakasambaa, ukurasa ukawa na doa kama jeraha lililopanguswa vibaya. Akasugua zaidi. Na vile vitabu karatasi zake ni nyepesi, vinachapwa kwa haraka vinauzwa kwa haraka. Nilisikia ukurasa ukichanika, kutoka pembeni kuingia kwenye maandishi.

Akaniletea mezani nione. Pale palipokuwa na sentensi na mstari wa kahawia palikuwa na tundu, unaona kidole chako upande wa pili. Pembeni, neno moja jekundu lilikuwa limebaki zima, kwa kuwa alilikandamiza alipoliandika: Futa.

"Ile sentensi ilisemaje?" akaniuliza. "Neno kwa neno."

Naikumbuka neno kwa neno. Naikumbuka mpaka mkato wake ulipo.

"Kamuulize aliyeipigia mstari," nikamwambia. "Namba yake unayo."

Alirudi akakaa kitini, akakizungusha kidogo kwa mguu, kama wafanyavyo watoto wanaoletwa kupimwa. Mbele yake ubao wa herufi, kubwa juu, ndogo chini, na yeye hana miwani machoni. Nilidhani anatafuta njia ya kunitajia mke wake. Nilingoja. Nilikuwa tayari kumsamehe kila kitu kwa jina moja tu.

"Huko aliko," akasema mwishowe, "anakula vizuri?"

Niliwasha mashine ya kusaga lenzi, nikaendelea na kazi.