Sekunde Kumi na Moja za Mama Mkwe

Aliyeunguza ule mkanda wa filamu ni mimi. Nalisema hapa mwanzoni kabisa msije mkapoteza muda kumtafuta mwingine. Si panya wa stoo, si joto, na wala si baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, ambaye mke wangu amemwekea kinyongo kwa jambo hilo miaka arobaini na mitatu. Ni mimi, kwa mikono yangu hii hii, nikiwa na akili zangu timamu, kama nilikuwa nazo.

Sasa lile jumba la sinema limefufuliwa. Lilifungwa miaka na miaka, likawa ghala la magodoro, halafu likawa makao ya popo, mpaka wakatokea watu wenye roho ngumu wakaamua kulirudisha lilivyokuwa. Dari limepakwa upya rangi ya samawati na nyota zake za dhahabu, viti vimevishwa mahameli nyekundu, na vyoo, ajabu ya maajabu, vinatoa maji. Kila Jumamosi alasiri wanaonyesha filamu za zamani. Meneja mpya, dada mmoja wa miwani mikubwa na maneno mengi, alinipigia simu mwenyewe.

"Shikamoo, babu! Tumeupata mkanda chini ya jukwaa. Ile filamu iliyopigwa hapa hapa mjini. Ni ule ule mliokuwa mkiuonyesha nyinyi. Tumeufuta vumbi tu, hatujakata wala kuongeza. Njoo na bibi, viti vya mbele roshani ni vyenu."

Hatujakata wala kuongeza. Nikatafuta kiti nikakaa.

Mke wangu akaninyang'anya simu. "Tutakuja, mwanangu," akamwambia, akakata. Kisha akanigeukia. "Usinitolee macho, Maridadi. Nataka nikae pale, nipaone baba alipomkata mama yangu kwenye mkanda, halafu nimsamehe yaishe. Nimeshazeeka. Sitaki kwenda kaburini na kinyongo."

Maridadi ni mimi. Ni jina la kazini, la enzi nilipokuwa opereta wa pili wa mashine ya sinema, kijana wa miaka ishirini na sita, suruali imenyooka hadi unaweza kukatia mkate. Opereta mkuu alikuwa baba wa mke wangu, na yeye tulimwita Mzee Mkasi kwa sababu alivaa mkasi shingoni kwa uzi, kama mwingine anavyovaa funguo. Mkanda ukikatika katikati ya onyesho, wewe bado unatafuta pa kushika, yeye kashakata, kashaunga, watu wanaendelea kucheka. Binti yake alikaa kwenye kibanda cha tiketi. Mimi nilikuwa nampenda mpaka najigonga kwenye milango.

Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, na hawakuwa na picha yake hata moja nyumbani. Alichobakiza ni kile kipande ndani ya filamu. Watengeneza filamu walikuwa wamesimamisha kamera barabarani, na watu waliopita walipita tu, hawakuwa waigizaji. Mmoja wao ni mama mkwe. Anatokea upande wa kushoto, amemshika mtoto mkono, anaiona kamera, anasimama, anacheka, anajifunika mdomo kwa kiganja, anapita zake. Sekunde kumi na moja. Filamu ile ilirudiwa kila baada ya miezi michache kwa sababu watu walipenda kujiona, na kila ikirudiwa binti alikuwa anafunga dirisha la tiketi, anapanda ngazi mbio, anasimama nyuma ya viti vya mwisho. Anamwangalia mama yake, anashuka, anaendelea kukata tiketi. Baba yake alijua, akawa anajifanya hajui.

Sasa mimi, kiherehere changu. Nikajiambia, huyu binti nikimsimamishia mama yake pale kwenye kioo cha sinema, atulie, amwangalie usoni mpaka aridhike, si atanipenda moja kwa moja? Kila opereta duniani anajua kwamba mkanda hausimamishwi mbele ya taa. Taa ile ni kaa la moto. Mashine ina kibati kinachodondoka chenyewe kuukinga mkanda ukisimama. Hilo ni somo la siku ya kwanza, na Mzee Mkasi alinifundisha kwa kofi.

Jumatatu asubuhi, jumba tupu, mzee akiwa amekwenda kuchukua mkanda wa wiki ile nyingine, nikakifunga kibati kwa waya kisidondoke. Nilitaka nijaribu kwanza peke yangu. Nikauendesha mkanda hadi pale anapocheka, nikasimamisha.

Jamani, alikuwa mzuri. Nilimwona vizuri kwa muda wa kupepesa jicho. Halafu doa la kahawia likamtokea kwenye paji la uso, likatanuka, likatoboka, na kioo chote kikawa cheupe. Nikapagawa. Badala ya kuzima taa nikavuta mkanda kwa nguvu, matundu ya pembeni yakachanika mita nzima nzima, na nilipokuja kupata akili nilikuwa nimeshika utumbo wa plastiki unaonuka moshi. Nikakata kilichoharibika chote. Nikaunga. Mama mkwe nikamtupa kwenye pipa la taka nyuma ya jumba, chini ya maganda ya machungwa.

Onyesho la alasiri, binti akapanda mbio kama kawaida yake. Mtu mmoja akapita barabarani, picha ikaruka kidogo, mtu mwingine akapita. Mama hakuwepo. Akaja hadi chumba cha mitambo, akasimama mlangoni. Baba yake alikuwa bado hajarudi.

"Nani kamkata mama?"

Hapo mtu mwenye haya angesema. Mimi nikainua mabega. "Muulize baba yako. Mimi ni opereta wa pili tu."

Mnaona ujanja wa jibu hilo? Sikudanganya, nilimwelekeza tu. Na wiki ile ile Mzee Mkasi alikuwa ameoa mke mpya. Binti hakuhitaji kuelezwa zaidi. Baba aliporudi alimkuta binti yake kwenye ngazi, akamwagiwa maneno ambayo sitayarudia, kwamba ameleta mwanamke ndani na sasa anamfuta mama hata kwenye sinema, na kwa ule mkasi wake aukate na moyo wa binti yake kabisa. Mzee hakujibu. Siku hiyo hiyo binti akahamia kwa shangazi yake. Mwaka uliofuata nikamwoa. Baba yake alikuja kwenye harusi akakaa nyuma, na binti alipopita kuwasalimu wageni akamruka yeye.

Basi Jumamosi ikafika. Mke wangu alivaa gauni lake la kijani, akanipigia pasi shati, akaniuliza mbona nanuka jasho na bado hatujatoka. Njiani nilijiambia nitamwambia tukifika. Tulipofika nikasema nitamwambia tukikaa. Tulipokaa, taa zikazimwa. Haki ya Mungu, sijapata kuona mwoga kama mimi, na nimeishi naye miaka sitini na tisa.

Filamu ilianza. Roshani ilijaa vijana wanaocheka mavazi ya zamani, na wazee wanaonyoosheana vidole. "Ile si nyumba ya kina fundi saa?" "Ndiyo yenyewe!" Mke wangu hakucheka. Alikuwa amekaa mkao wa mtu aliye kwa daktari, mkoba mapajani. Mimi nilikuwa nauhesabu mkanda dakika kwa dakika. Picha ikafika pale barabarani. Mtu mmoja akapita. Picha ikaruka, kitu kidogo tu, watu wengine hawakuona hata. Mtu mwingine akapita.

"Hapo," akasema.

Kisha akasema taratibu, macho kwenye kioo, "Baba, yameisha. Nimekusamehe."

Nimesikia mambo mengi maishani, lakini hakuna lililonichoma kama lile. Marehemu anasamehewa kosa langu, na mimi nimekaa pale nimevaa shati la pasi. Mkono wangu wenyewe ukaushika wake.

"Si baba," nikasema.

"Nini?"

"Si baba aliyekata. Ni mimi. Niliuunguza nikijaribu kumsimamisha mama ili umwone. Nilitaka kukufurahisha, nikaharibu. Nikaogopa."

Hakunitazama. Chini yetu watu waliangua kicheko kwa kitu fulani kwenye filamu. Nikangoja kofi, nikangoja kelele. Akashusha pumzi.

"Ulikuwa mjinga," akasema mwishowe.

"Nilikuwa mjinga."

"Kijana mjinga anataka kumfurahisha msichana." Nikasikia sauti yake inalegea, kama anataka kucheka au kulia, na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikaanza kujisikia mwepesi. Nikadhani ndiyo imetoka hiyo. Nikadhani nimepona.

"Na baba alijua?"

Hili nimewaficha hata nyinyi. Nilisema mzee hakujibu, nikaliacha hapo hapo. Ukweli ni kwamba jioni ile aliutoa mkanda, akapitisha kidole pale palipoungwa. Kila fundi ana mkono wake wa kuunga. Wake ulikuwa hauonekani, wangu ulikuwa unapinda. Akanitazama, akaniuliza jambo moja tu, kama ninamtaka binti yake. Nikasema ndiyo, mzee. Akasema, "Basi funga mdomo. Mchumba anaachika, mimi ni baba, ataniacha niende wapi? Atanuna mwezi, hasira zitampoa."

Nikamweleza mke wangu yote hayo, neno kwa neno, kwa kunong'ona. Alikuwa ameuondoa mkono wake, sikujua saa ngapi.

"Kwa hiyo alikupa mimi," akasema, "halafu akangoja zinipoe."

"Ndiyo."

"Miaka tisa."

"Ndiyo."

Baada ya miaka ile tisa Mzee Mkasi aliugua, akafa. Tulikuwa tunaishi mitaa miwili kutoka kwake.

"Alipolazwa kitandani alimtuma mama mdogo kuja kuniita," akasema mke wangu. Mama mdogo ni yule mke wa pili, aliyefika mlangoni kwetu siku ile na viatu viwili visivyofanana. Mke wangu alikuwa hajapata kumwita mama mdogo mpaka leo. "Alisema baba anataka kuniona mimi tu. Mimi nikaja chumbani nikakuuliza wewe. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza uende au usiende."

"Nilikuwa nimeshachukua mtandio. Nilitaka mtu aniambie nenda, basi. Neno moja." Sasa alinigeukia, na mwanga wa filamu ulikuwa unampita usoni. "Ukasemaje?"

Nikamwambia sikumbuki vizuri.

"Unakumbuka, Maridadi. Sema vile ulivyosema."

Nilikumbuka. Nimekumbuka kila siku. Niliogopa kwamba mzee akikaribia kukata roho atamwambia ukweli, na yeye atarudi nyumbani anichukie. Ndiyo maana nilimjibu vile, kwa upole kabisa, na nikamvua mtandio begani.

"Nilisema, 'Leo umechoka, mama. Pumzika. Utaenda kesho.'"

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia jina lake limetajwa sawasawa. Kesho yake alfajiri ndipo mama mdogo aliporudi kutuambia mzee hayupo tena.

"Ule mkanda nakusamehe," akasema. "Ulikuwa kijana. Siku ile ya mtandio ulikuwa baba wa watoto watatu."

Nikataka kumwambia nisamehe. Neno lilifika mdomoni likanitia aibu, nikalimeza. Nilimwomba tutoke, twende nyumbani, tukaongee vizuri, watu wanatusikia.

"Nenda wewe," akasema. Akauweka mkoba wake kwenye kiti changu hata kabla sijainuka vizuri. "Mimi nakaa na baba yangu mpaka filamu iishe."

Nikapita kwenye magoti ya watu, samahani, samahani, nikashuka ngazi. Kwenye ukumbi wa chini yule meneja akanidaka, akaniuliza kwa furaha kama mkanda ulikuwa mzima, kama nilivyokuwa nikiukumbuka. Nikamwambia una kiungo kimoja, dakika ya arobaini.

"Kazi ya nani?" akauliza. "Mzee Mkasi? Wanasema alikuwa hatari kwa mkasi."

"Hapana," nikamwambia. "Yangu. Mzee Mkasi angeunga, usingeona." Akacheka, akanipiga begani, akadhani ni unyenyekevu wa wazee. Nikatoka nje kwenye jua, nikakaa kwenye ngazi, nikimngoja mke wangu, na sikujua kama atakapotoka atageukia upande wangu.