Aliyesimama Mbele

Meli iliyombeba Msabaha ilitekwa siku ya Jumanne mbele ya pwani ya Somalia, na kufikia Ijumaa mtaa wote wa Dunda ulikuwa umejaa majemadari. Muuza kahawa jemadari, fundi cherehani jemadari, na hata vijana wa bodaboda, ambao bahari wanaiona tu wanapopeleka abiria ufukoni, walijua vyema ni helikopta ngapi zinatosha. Dawa ya moto ni moto, walisema. Akitekwa mtoto wa mwenzio, maneno hayo ni rahisi sana.

Mwalimu Sharifu aliwasikia akapita. Msabaha alikuwa mwanawe wa pekee, mpishi wa meli hiyo ya mizigo, na Mwalimu alitaka jambo moja tu duniani: arudi hai. Arudi amekonda, arudi bila viatu, serikali iaibike, tajiri wa meli afilisike, yote kwake sawa. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Tajiri mwenyewe, Hamoudi, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka Omani, naye hakutaka vita. Kila siku baada ya Alasiri alijifungia chumba cha nyuma cha duka lake akibishana kwa simu juu ya fidia na mkalimani wa maharamia, mtu wa Kibajuni mwenye adabu zake, anayeuliza hali za wazee kwanza ndipo atishie kuua.

"Tunashuka naye kidogo kidogo, Mwalimu," Hamoudi alikuwa akisema. "Ukiwa na pupa kwa watu hawa, umekwisha."

Batuli, mkewe Mwalimu, subira ilikuwa imemwishia.

"Wiki ya sita hii mnabembeleza wezi. Wapelekeni askari wamtoe mwanangu!"

"Askari wakienda, Batuli, risasi haiulizi huyu mwana wa nani."

"Na njaa je? Inauliza?"

Mwalimu akachukua kofia yake. Akaenda chuoni kusomesha watoto wa watu Kurani.

Maharamia waliwaruhusu mateka kupiga simu makwao, ili vilio vya wazazi vimsukume tajiri. Msabaha alipiga Jumapili asubuhi, mama yake akiwa sokoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. U mzima?"

"Mzima. Baba, dakika ni chache. Hawa watu walinisikia nikisoma Kurani jikoni. Wenyewe hawana anayejua kusoma vizuri. Sasa kila Alfajiri wananitoa nje, wananivisha kanzu na kilemba, nawaswalisha. Wenzangu hawanisemeshi tena. Niwakatalie?"

Hapo Mwalimu alikwama. Kwa miaka thelathini alikuwa akifundisha chuo pale Dunda, na hakuna mwanafunzi aliyemtoa jasho kama huyu. Leo kisomo hicho kinafuatwa na wezi wa bahari! Aliona aibu. Aliona na fahari pia, na fahari hiyo ikamzidishia aibu. Kisha akapiga hesabu za mzazi: mtu akishaswali nyuma yako, mkono wake utakuwa mzito kukuua.

"Usiwakatalie," akasema. "Waswalishe. Soma taratibu, usiwe na haraka."

"Haya, baba."

Simu ikakatika. Mwalimu hakumwambia mtu, hata Batuli. Barazani walikwisha kuanza kunong'ona kwamba anayewapikia maharamia naye ni haramia wa sufuria. Wakisikia amekuwa imamu wao, je?

Siku mbili baadaye akaja afisa wa serikali kutoka Dar es Salaam, kijana mpole, akaamkia vizuri na kuvua viatu mlangoni. Alisema kwamba mazungumzo yanaendelea na uvamizi bado haujaamuliwa, ila ni lazima wajue kila mateka anakaa wapi ndani ya meli, na saa zipi.

"Tuna taarifa pia kwamba wapo mabaharia wanaoshirikiana na maharamia," aliongeza. "Hao watajibu mahakamani. Je, Mwalimu, Msabaha kuna wakati anakuwa pamoja nao?"

 Mwalimu alimwona mwanawe kizimbani, na hakimu akisomewa habari za kanzu na kilemba.

"Yuko jikoni," akasema. "Asubuhi, mchana, jioni. Mpishi atatoka jikoni aende wapi?"

"Andika hivyo, baba," Batuli akadakia kutoka nyuma ya pazia. "Jikoni."

Afisa akaandika. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwalimu alikuwa akiwafundisha watoto methali hiyo kwa kuwachapia fimbo mezani, na bado aliketi pale akatazama kalamu ikienda.

Jumatano Hamoudi alimwita dukani. Wamekubaliana. Jumamosi maharamia wanawaachia wote. Mwalimu alisujudu palepale, paji la uso kwenye sakafu yenye unga. Alipokuwa akirudi nyumbani alimkumbuka afisa. Namba yake ya simu alikuwa nayo mfukoni. Amwambie ukweli? Akaona ya nini kujiletea balaa, na zimebaki siku tatu.

Ijumaa redio ikatangaza kwamba kikosi cha nchi kadhaa kimevamia meli wakati wa Alfajiri, na mabaharia kumi na wanne kati ya kumi na watano wako salama. Majemadari wa Dunda wakakumbatiana barabarani. Jioni afisa yuleyule akavua viatu mlangoni.

"Msabaha tu ndiye bado tunamtafuta," alisema. "Tulikwenda jikoni moja kwa moja kama ulivyotuambia, hakuwamo. Pengine amejificha mahali. Wenzake tumewahamishia meli nyingine, bado hawajahojiwa."

"Atakuwa kajificha," Batuli alisema. Safari hii alikuwa ametoka nje ya pazia. "Mwepesi yule, tangu utoto. Mtafuteni."

Afisa akapata moyo, akaeleza jinsi kazi ilivyokwenda. Wiki nzima waliitazama meli kutoka angani. Kila Alfajiri maharamia waliweka bunduki chini, wakapanga safu nyuma ya mkubwa wao.

"Tukaichagua saa hiyo. Yule mkubwa alianguka wa kwanza. Waliobaki hawakuwahi hata kuzifikia silaha."

"Alivaa nini?" Mwalimu aliuliza.

"Nani?"

"Aliyesimama mbele."

"Kanzu, Mwalimu. Na kilemba."

Mwalimu alishika ukingo wa kiti. "Huyo si mkubwa wao. Huyo ni Msabaha."

Batuli alimgeukia. "Wewe umejuaje?"

"Aliniambia. Mimi ndiye niliyemwambia awaswalishe."

Batuli hakupiga ukelele. Alimtazama mumewe kama anayemtazama mtu aliyekosea nyumba, kisha akamrudia afisa.

"Mwili wake uko wapi?"

Afisa aliinamisha kichwa. "Mama, hatukujua. Miili ya maharamia ilitoswa baharini palepale."

"Nani kamswalia mwanangu?"

Kijana akamtazama Mwalimu, kana kwamba swali hilo ni la watu wa dini. Na kweli Mwalimu alikuwa na jibu. Walioswali nyuma ya Msabaha walikufa naye, na askari walioitosa miili hawakujua kwamba mmojawapo ulikuwa wa mpishi wa meli. Hakuna aliyemswalia.