Kifuu cha Kuonjea

Kizibo cha dumu kililia kidogo gizani, kabla ya adhana ya Garsen. Niliganda, mkono ukiwa bado juu yake. Kitandani mwanangu Linda, wa miaka mitano, akajigeuza, nikajua yuko macho ananisikiliza. Nilikifunga, nikalikalia dumu lile mpaka kukacha.

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuniita mlevi. Baba mkwe hugema miti ya mikoma, mimi huuza pombe yake. Kwetu Wagiriama, anayekaribisha huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni aone haina sumu. Tangu niolewe, kifuu cha kuonjea ni changu. Wateja ishirini, vifuu ishirini. Mwaka huu nikaanza kuonja bila mteja.

Barua ya kituo cha tiba ya ulevi kule Malindi ilikuwa wiki ya pili ndani ya daftari langu la ngumbaru. Ningekaa huko miezi mitatu. Mume wangu Kenga, aliye kazini Mombasa, alishakubali kwa simu, ila mama yake nimweleze mwenyewe, maana akikataa kubaki na mtoto, siendi. Nami nilipanga kudanganya kwamba naenda kujifunza ushonaji. Hata Linda nilimfundisha aseme hivyo.

Asubuhi nilimkuta mama mkwe, Nyevu, akipepeta mchele uani. Nikapiga magoti, ule uongo ukanikwama, nikamweleza yote. Akacheka. Kuonja nako ni ugonjwa? Yeye alionja miaka thelathini kabla yangu. Kisha akauliza ni nani aliyeniloga.

"Mama, juzi nilimsahau Linda mtoni," nikasema. "Alirudi peke yake. Nilikuwa nimelewa."

Ungo ukatulia. Mamba wa mto ule yeye anawajua vizuri.

Hakunishika mkono. Aliingia ndani, akatoka na kifuu changu, akakiosha, akakitundika upande wake wa banda la pombe.

"Nenda," akasema. "Mjukuu wangu atanenepa. Wali wako wenyewe haujawahi kuiva."

Mara akaingia Fondo, mteja wetu wa kila asubuhi. Akaketi, akanitazama, akingoja nionje. Mama mkwe akaonja yeye. Fondo akauliza mimi leo nina nini.

Linda, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinitazama. Alikuwa na jibu nililomfundisha, mdomo umeshafunguka. Nikamwinamia, nikamnong'oneza aseme la kweli.

"Mama anakwenda hospitali aache pombe," akasema.