Tiki ya Kijani

Sitaki mtu aniambie ni kazi ya Mungu. Mungu hakuchora kile kitufe. Kilichorwa na mdogo wangu, mimi mwenyewe nimesimama nyuma ya kiti chake napiga kelele, hadi meneja akaja kutufungia mlango ili wateja wasisikie.

Ndiye wa mwisho kuzaliwa kwetu, kwa hiyo kila mtu humwita Mziwanda, hata kazini. Hodari, hilo silikatai. Ila tangu utotoni alikuwa na tabia yake moja. Alikuwa anajichorea saa ya mkononi kwa kalamu, na mishale yake, na kamba yake ya ngozi, kazi safi kabisa. Baba akipita anamuuliza, "Saa ngapi, bwana mkubwa?" Naye anautazama mkono, anajibu saa yoyote inayomjia kichwani. Baba alikuwa anacheka hadi anakohoa. Kumbe kile kikohozi nacho kilikuwa kimeshaanza.

Kazi yangu mimi ni kwenye ghala la mitungi ya oksijeni. Tunapeleka majumbani, kwa watu ambao mapafu yao yamechoka na hospitali imewarudisha kwao. Nakaa dirishani na simu yangu. Mteja akipiga naandika ombi, Dereva anapakia, anaondoka. Na asubuhi, kabla hata sijagusa chai, nilikuwa na kawaida yangu ya kuwapigia wote ambao mitungi yao inaelekea kwisha. "Babu, usiniambie hujambo, niambie mshale wa geji uko wapi." Wengine walinitukana kwa mapenzi, wengine walisubiri simu yangu kuliko ya watoto wao. Baba yetu alikuwa mmoja wao. Alifungasha saruji kiwandani maisha yake yote, na lile vumbi halikumsahau. Alikaa peke yake kule kilimani, mpira puani, mtungi kando ya kiti, na ukimwambia ahamie kwako anakuuliza, "Nyumba nimejenga mwenyewe, inifukuze kwa kosa gani?"

Basi meneja akataka wateja waagize kwa simu zao, kwa kugusa tu. Programu halisi, ile ya kuingizwa kwenye simu, ilihitaji watu wengi na muda mrefu. Mziwanda, ambaye ndiye fundi wetu wa kompyuta, akasema hakuna haja. Atatengeneza ukurasa wa mtandao tu, kisha atauvalisha nguo za programu.

Akauvalisha kweli. Aliponiletea simu nijaribu, niliona kijialama chetu kimekaa katikati ya vingine kama kimezaliwa pale. Nikagusa, ukafunguka hata kabla sijainua kidole. Ule mstari wa juu wenye anwani ya tovuti, unaokuonyesha kwamba uko kwenye ukurasa tu, haupo. Vitufe viko chini, vimejipanga kama vya simu yenyewe. Ukivuta kwa kidole unarudi taratibu kama mpira. Alikuwa ameufundisha kufunguka hata pasipo mtandao.

"Nionyeshe tofauti, dada," akasema, huku mguu unamchezacheza kwa furaha.

Sikuiona. Nikagusa AGIZA MTUNGI, ikaja tiki ya kijani, nzuri, inayong'aa.

"Na kama mtandao haupo?" nikamuuliza.

"Tiki inakuja vilevile."

"Inakujaje, na ombi halijaenda?"

"Dada, ndivyo programu zote zinavyofanya. Wewe ukituma ujumbe pasipo mtandao, si unauona umekaa pale pale? Mtandao ukirudi unaenda wenyewe. Mtu hapendi kusubirishwa."

"Na huu wako utaenda wenyewe?"

"Utaenda. Mradi asiufunge."

Nikamkodolea macho. "Akiufunga?"

"Basi, umefungwa. Ukurasa si programu, ukifungwa unasahau. Lakini nani anafunga vitu siku hizi?"

"Baba!" nikapiga ukelele. "Baba yako anafunga! Hujui baba yako?"

Alijua vizuri. Baba alikuwa anafunga kila kitu kwenye simu kama anavyozima taa za nyumba. Akimaliza tu kuongea, dole gumba linafagia vyote nje ya kioo. Ukimuuliza, anasema vinakula chaji. Mziwanda mwenyewe ndiye aliyemwonyesha namna ya kufagia.

Nikamwambia, "Andika BADO HAIJAENDA, kwa herufi kubwa. TAFUTA MTU AKUSAIDIE. Basi. Ukurasa uwe ukurasa, usijitie usichokuwa. Usiige kunya kwa tembo, mdogo wangu, utapasuka msamba."

Dereva, aliyekuwa anasubiri ufunguo wa gari, alicheka mpaka akashika ukuta. Mziwanda hakucheka. Alinijibu kwa upole, na upole wake ndio uliozidi kuniudhi.

"Watu wakiona ukurasa wanaogopa, wanadhani ni matapeli. Wakiona kitu kama walivyozoea, mkono wenyewe unajua pa kugusa. Unataka mzee ajifunze simu upya, na hewa imemwishia? Na hakuna programu inayosema maneno ya kinyonge namna hiyo. 'Bado haijaenda.' Nani atatuamini?"

Haki yake nimpe. Wazee waliupenda. Watu wenye mikono ya kutetemeka, ambao hata kupiga simu ni vita, waliagiza kwa kidole kimoja. Meneja alifurahi hadi akaniondolea zile simu za asubuhi. "Sasa mfumo unajieleza wenyewe," akasema. "Asiyeagiza, hewa anayo." Nikabishana naye, nikashindwa, nikabaki kunywa chai yangu ikiwa moto kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Haikuwa na ladha.

Na Baba ndiye aliyezidi wote. Kila mgeni alionyeshwa. "Hii kazi ya mwanangu. Gusa, gusa uone." Mimi nikimpigia kumuuliza mshale uko wapi, ananikatiza: "Binti yangu, nipigie kunisalimia. Mambo ya hewa naongea na mwanangu." Nilicheka, lakini wivu ulinichoma kidogo, nisiwadanganye.

Ikaja ile mvua. Mnara wa simu wa kule kilimani ukaanguka, na upande wote ule ukawa kimya. Asubuhi yake nikampigia Baba, hapatikani. Nikarudia, hapatikani. Nikajua mtungi wake uko mwishoni, kwa sababu hayo mahesabu hayajawahi kunitoka kichwani, meneja apende asipende. Nikaingia ofisini kwake. Akageuza kompyuta yake nione.

"Hakuna ombi la mzee wako. Gari haitoki bila ombi, tutawanyima walioagiza."

Nikamfuata Mziwanda chumba cha nyuma. Akatazama, akatazama tena.

"Baba hajaagiza," akasema.

"Utajuaje, na mtandao kwao hakuna?"

"Ukirudi, litaingia."

"Kama hajafunga!"

Akaanza kutafuna kucha, kama alivyokuwa anafanya akiwa mdogo akivunja kikombe. Kisha akasema, "Baba si mtoto, dada. Akiona hewa inakwisha na hana njia, atamwita jirani. Ukuta na ukuta pale."

Nikatoka nje. Nikamwambia Dereva, "Pakia mtungi."

"Ombi liko wapi?"

"Ombi ni mimi."

Akanitazama usoni, akapakia. Ni mtu mwenye utu sana, Dereva. Barabara ya kilimani ilikuwa imekatwa na tope, tukaacha gari chini, tukaupandisha mtungi kwa mikono, yeye mbele, mimi nyuma, mvua inatupiga. Nilikuwa namtukana Mziwanda njia nzima, matusi ambayo sikujua kama ninayo. Nilikuwa naomba nifike nimkute Baba anifokee, aniambie nimejihangaisha bure.

Mlango ulikuwa wazi. Mtungi mtupu umekokotwa hadi kizingitini, kifuniko kimekazwa vizuri, kama afanyavyo mteja mstaarabu asiyetaka kumchelewesha mleta mzigo. Mwavuli umeegemezwa hapo hapo, mkavu. Aliuweka kwa ajili ya Dereva. Na Baba amekaa kwenye kiti chake, kiti amekigeuza kielekee njiani, mikono mapajani, mpira bado puani ingawa haukuunganishwa na kitu. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Niliunganisha mtungi mpya. Msiniulize kwa nini. Nilifunga valvu, nikafungua, hewa ikaanza kupiga mluzi, nikamwekea mpira sawasawa nikamwambia, "Baba, vuta. Vuta basi, Baba." Dereva akanishika bega. "Dada, acha." Sikuacha. Ule mtungi ulipuliza hewa kwenye pua ya marehemu mpaka jirani alipoingia akaufunga yeye.

Jirani alikuwa mama wa makamo, mshonaji wa nguo. Alikuwa amejishika kichwa.

"Nilimwona asubuhi," akaniambia. "Kakaa mlangoni. Nikamuuliza, vipi mzee, nikuitie mtu? Nina kijana ana pikipiki, angeshuka mara moja. Akanipungia mkono. Akasema ameshaagiza, imekubali, mtungi uko njiani, analetewa. Nikarudi kwenye cherehani yangu. Mimi sikujua, mwanangu! Amesema imekubali!"

Sikumlaumu. Ningemlaumu kwa lipi?

Kesho yake nyumba ilijaa watu. Mtandao bado haukuwepo. Mziwanda alijificha jikoni, amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, hataki maji wala maneno. Nilipoingia aliinua uso, na uso ule ulikuwa umezeeka.

"Dada, labda alisahau kuagiza. Mzee yule, si unajua? Labda hakugusa kabisa."

Nilikuwa na maneno ya jirani mdomoni, ya moto, tayari. Siku zote mimi ndiye mwenye mdomo kwetu. Lakini nilimwona anavyoning'ang'ania kwa macho, nikameza.

"Labda," nikasema.

Na pale pale mtandao ukarudi. Ulijitangaza wenyewe: simu za sebuleni zote zikaanza kulia kwa pamoja, mifukoni, kwenye mikoba, watu wanaona aibu wanazibana. Ya Mziwanda nayo ikalia. Akaitoa ili aizime. Akasoma hadi mwisho. Akanipa.

Ulikuwa ujumbe wa Baba. Simu yake tulikuwa tumeiacha juu ya kabati chumbani, hakuna aliyeigusa.

"Mwanangu, hewa inakaribia kwisha lakini usiwe na wasiwasi. Nimeagiza kwa ile kazi yako, tiki imekuja hapo hapo, hata sikungoja. Mwambie dada yako aache kuhangaika na simu. Jirani anataka kumtuma mtu, nimemwambia wa nini, mwanangu ameshamaliza yote. Ubarikiwe."

Mziwanda alinyanyuka, akapita katikati ya watu bila kumsalimia mtu, akaingia chumbani. Nikamfuata nikafunga mlango. Alikuwa ameshika simu ya Baba. Aligusa kijialama chake, ukurasa ukafunguka kama kawaida yake, haraka, mzuri, msafi. Karibu tena! Ungependa kuagiza leo? Akatafuta ombi la jana. Hakuna. Nikampigia mwenzangu ghalani, nikamwambia atazame kama kuna chochote kimeingia kutoka kwa mzee wangu, mtandao umerudi. Akatazama. "Hakuna kitu, dada," akasema. "Poleni sana."

"Ujumbe ulikwenda," Mziwanda akasema. "Alituma vyote viwili, akafagia vyote viwili. Ujumbe ukangoja, ukaenda. Wangu..." Akaigeuza simu kifudifudi. "Ile tiki, dada. Niliinakili kutoka kwa ile ya ujumbe. Rangi ileile. Nilipima rangi."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Nilikuwa nayo hiyo methali, nimeiweka tangu ile siku ya kelele ofisini. Lakini guu lililovunjika silo la aliyekataa kusikia. Sasa ningemwambia nani?

Akakaa juu ya kitanda cha Baba, simu mikononi.

"Uliniambia niandike nini?" akaniuliza. "Ile siku. Sema tena."

"Acha, mdogo wangu."

"Sema."

"Bado haijaenda," nikamwambia. "Tafuta mtu akusaidie."

Akayarudia kwa sauti ndogo, neno kwa neno, kama mtoto anayefundishwa kusoma. Upande wa pili wa ukuta, cherehani ya jirani ilikuwa imenyamaza. Alikuwa sebuleni kwetu, anawagawia watu chai.