Mfungo wa Mijusi

Bi Mwatima alikuwa na mazoea ya kusema kwamba nyumba ya mwanawe ina wageni wawili ambao hawaoshi hata kijiko. Wageni wenyewe ni mijusi.

Walikaa sebuleni, ghorofa ya saba, mtaa wa Sanyuanli mjini Guangzhou, kila mmoja ndani ya boksi lake la kioo lililotiwa mchanga na kutandikiwa kijimkeka cha umeme cha kumpa joto. Jike alikuwa wa mjukuu wake Swalha, binti anayesoma chuo kikuu. Dume alikuwa wa Jovitus, kijana wa Bukoba anayesoma naye, aliyemwazima ili wale wawili wapatane, jike atage. Nao hawakuwa mijusi kafiri wa ukutani, wale tunaowatupia ndara. Hawa walikuwa wanono, manjano yenye madoa meusi kama ngozi ya chui, mkia mnene kama kidole gumba, na kope za macho ambazo walizifumba na kuzifumbua taratibu, kama mtu anayesinzia kwenye hotuba.

Mwanzoni Bi Mwatima hakutaka hata kupita karibu yao. Alitoka Pangani kuja kumwangalia mwanawe Abdulhadi, ambaye kutwa yuko Xintang kwenye viwanda vya jinzi na akirudi hana hata nguvu ya kuvua viatu. Hakuja kulea mijusi. Lakini nyumba ilikuwa kimya mno, na mtu mzima hawezi kushinda anatazama televisheni ya Kichina tangu asubuhi. Akaanza kwa kuwabadilishia maji. Kisha akawa anawasafishia. Mwisho akawa anajua yupi amelala vibaya na yupi ameamka na kisirani.

"Bibi," Swalha alimwambia ulipoingia mwezi wa Desemba, "sasa tunawalaza."

"Mnawalaza? Kwani siku zote wanakesha?"

"Usingizi wa baridi, bibi. Kwao baridi ikiingia hujichimbia wakatulia, hawali, hawatembei. Wakiamka ndipo wanatafutana. Bila hivyo jike wangu hata kumtazama dume hataki."

"Huyo ana akili, mke mwenzangu. Angekufundisha na wewe."

Swalha akacheka, kisha akamkalisha chini akamweleza lililo kubwa. Kabla ya kwenda baridini mjusi lazima awe na tumbo tupu. Yeye hana joto lake mwenyewe. Joto la nje ndilo linalomsagia chakula. Akipelekwa kwenye baridi ameshiba, kile alichokula kitamwozea ndani, atakufa usingizini. Kwa hiyo wangeachwa kwenye joto lao, maji wapewe, chakula kisimame kabisa mpaka watoe kila kilichomo.

Bi Mwatima alifikiri kidogo. "Kama chungu cha maharage. Ukikiepua hayajaiva ukakiacha mpaka asubuhi, unakuta povu na harufu."

"Hivyo hivyo, bibi."

Basi mfungo ukaanza, na msimamizi akawa Bi Mwatima. Kila asubuhi aliinama akitafuta vinyesi vyao mchangani, mpaka ikafika siku hakuviona tena, akampa Swalha habari kwa furaha. Mijusi wakimwona walisogea kwenye kioo wakanyoosha shingo. Ilimuuma, hakuna asiyeumwa na hilo. "Subirini wanangu," aliwaambia. "Mnaandaliwa harusi nyie."

Na kungoja kulikuwa na mpaka wake. Baridi ya Guangzhou si ya kutegemea; huja ikawatetemesha watu wiki chache ndani ya nyumba zisizo na moto, kisha ikaondoka bila kuaga. Jovitus naye alikuwa akimaliza masomo. Baada ya mwaka mpya wa Kichina angerudi kwao, na dume alikwisha kuahidiwa mtu mmoja wa Foshan. Kwa hiyo Swalha alikuwa na baridi moja tu, hii hii.

Ikafika siku yenyewe. Jioni Swalha na Jovitus wangerudi kutoka chuoni waanze kupunguza joto, na baada ya siku chache wawahamishie mijusi kwenye roshani ya nyuma.

Mchana wa siku hiyo ndipo ilipopigwa hodi.

"Hodi hapa! Bi Mwatima, tupe chai tupone! Laoban, yule mwenye duka la viatu, kanitoa roho leo. Kila ninachotaka ananambia meiyou, hamna, meiyou, na kiatu nakiona kile pale nyuma ya mgongo wake!"

Alikuwa Bimkubwa, Mzanzibari anayenunua viatu kwenye masoko ya Liuhua, na wenzake wawili nyuma yake. Bimkubwa ana moyo mweupe, ila mdomo wake hauna pazia. Alisemalo asubuhi, kufikia adhuhuri wanawake wote wa pwani walioko Guangzhou wamelisikia, na kufikia alasiri limefika Pangani kwa simu.

Hajakaa vizuri akaona boksi.

"Yallah! Mjusi kafiri! Nipeni ndara!"

"Kaa chini wewe. Hao si wale. Ni wa Swalha, wanafugwa."

"Wanafugwa! Watu wanafuga kuku, wanafuga mbuzi. Bi Mwatima wa Pangani kaja Uchina kafuga mjusi!"

Wakacheka wote, na Bi Mwatima akacheka nao. Mmoja wa wenzake Bimkubwa, aliyekuwa mpole kidogo, akasogea akachungulia.

"Mbona anakwaruza kioo hivi?"

"Njaa hiyo," alisema Bi Mwatima kabla hajajichunga.

"Hajala leo?"

"Hapewi. Wiki ya pili sasa."

Kicheko kikakatika. Bimkubwa akaweka kikombe chini.

"Wiki ya pili? Umemfungia kiumbe cha Mungu ndani ya kioo, humpi kula, na juu ya zulia hili hili unasujudu? Bi Mwatima! Hukusikia habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka ndani mpaka akafa njaa, na mwisho wake ukawa nini?"

"Si hivyo, Bimkubwa..."

"Ila vipi? Hebu tueleze. Tunakusikiliza."

Macho sita yalimwelekea. Maelezo alikuwa nayo, yako mdomoni yamekaa tayari, na yalikuwa ya kweli. Lakini ukiyavuta yanakuja na mkia wake. Aseme nini mbele ya wanawake wenzake? Kwamba yeye, mtu mzima mwenye mjukuu wa chuo kikuu, anawafungisha mijusi ili wapate kupandana vizuri? Akaona kabisa jinsi Bimkubwa atakavyolishika neno hilo, atakavyolitia chumvi, na nani Pangani atakuwa wa kwanza kuangua kicheko. Uso ukamwaka.

"Nilikuwa ndiyo nainuka niwape," alisema.

Akainuka. Chini ya sinki la jikoni Swalha aliweka kopo la funza wa kulishia. Bi Mwatima alilileta, akachukua kibanio, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Jambo hilo ndilo lililomsumbua zaidi baadaye. Jike alimrukia funza kabla hajafika chini. Dume naye vivyo hivyo.

"Masikini! Mwongeze huyo, mwongeze," alisema Bimkubwa, machozi yakimlengalenga. "Enhe! Sasa ndiyo Bi Mwatima ninayemjua mie."

Akawaongeza. Akawaongeza tena.

Wageni walipoondoka alisimama mbele ya maboksi. Mijusi walikuwa wamejilaza juu ya joto lao, matumbo yamevimba, wamefumba macho kwa raha. Akaanza kujidanganya kwamba funza ni wadogo, watayeyuka mpaka jioni. Akaosha vikombe. Akavifuta vikombe ambavyo vilikwisha kauka. Wazo la kunyamaza lilimjia, likakaa naye jikoni kama mtu.

Swalha na Jovitus waliingia na baridi ya nje kwenye makoti yao, wanachekeana. Jovitus alikuwa na kipimajoto kipya mkononi.

"Shikamoo bibi! Maharusi wako tayari?"

"Marahaba," alijibu Bi Mwatima, na siku hiyo hakumtania.

Swalha alipiga magoti, akanyoosha mkono kwenye kitufe cha kupunguza joto. Ni jambo la kugeuza tu, kama kupunguza sauti ya redio.

"Wamekula," alisema Bi Mwatima.

Mkono ukasimama. "Nani?"

"Wote wawili. Mchana. Niliwapa mimi."

Jovitus aliketi sakafuni pale pale alipokuwa. Swalha aliangalia matumbo ya mijusi, akamwangalia bibi yake, akayarudia matumbo. Hakupiga kelele. Bi Mwatima alingoja kelele, hazikuja, akaenda zake jikoni akiwa hana la kufanya huko. Lakini nyumba za ghorofani ni ndogo na kila neno linapita.

"Tuwaache kwenye joto watoe chote," alisema Jovitus. "Tuanze upya."

"Na baridi je?"

"Itabaki kidogo. Labda."

"Na yule wa Foshan?"

"Nitamwomba angoje. Sijui."

Swalha akashusha sauti. "Usimkasirikie bibi. Hakuelewa. Ameishia darasa la tatu, na mimi namwambia mambo ya kusagika kwa chakula kama namfundisha mwanafunzi. Kosa ni langu."

"Nimkasirikie bibi? Bibi yangu kule Kamachumu angewapa na ndizi juu yake."

Wakacheka, kicheko chepesi, cha upendo. Bi Mwatima alikisikia chote. Kilimsitiri vizuri sana. Alisimama ndani ya huruma ile kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima, inamtosha, lakini anajua si yake na mwenyewe yuko chumba cha pili.

Swalha akaja jikoni. Akamshika mkono bibi yake akamkalisha kwenye kiti, akachutama mbele yake kama mtu anavyozungumza na mtoto aliyeanguka.

"Bibi, hujafanya vibaya. Ni huruma tu. Ila nisikilize, nitasema polepole. Tumbo la mjusi si kama letu. Chukulia mfano, umeweka chungu cha maharage motoni..."

"Swalha."

"...halafu ukakiepua hayajaiva. Asubuhi unakuta nini?"

Alikuwa akimwonyesha chungu kwa mikono miwili, duara lake, na mfuniko. Amesahau kabisa mfano ule alipewa na nani. Na Bi Mwatima alijua kwamba akiitikia tu, akisema "povu", mambo yatakwisha hapo. Atabaki kuwa bibi wa darasa la tatu mwenye huruma, na hakuna atakayemuuliza kitu tena maisha yake yote.

"Mfano huo ni wangu," alisema. "Wa maharage. Nilikupa mimi, siku ile ile uliponieleza."

Mikono ya Swalha ikabaki hewani.

"Nilielewa siku ile. Na leo mchana nilielewa. Alikuja Bimkubwa na wenzake, wakaona mjusi anakwaruza, wakanisema nawafungia viumbe wa Mungu na njaa. Nikaona haya kuwaambia ni kwa ajili ya kupandana. Niliogopa watanicheka. Nikawapa funza nikijua watakufa ukizima joto. Ndiyo hivyo. Si huruma, wala si darasa la tatu."

Swalha aliishusha mikono magotini. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa Bimkubwa uliona haya. Kwangu hukuona?"

Bi Mwatima aliokota kitambaa cha vyombo akakikunja.

"Bora ungekuwa hukuelewa, bibi."

Sebuleni Jovitus alikuwa akivaa viatu. Aliaga kwa adabu, lakini macho yake yalibaki kwenye kamba za viatu.

Asubuhi Swalha alitoka na kopo la funza chini ya kwapa. "Nitaliweka chuoni," alisema bila kugeuka.

"Lichukue, mwanangu," alisema Bi Mwatima. Lilimchoma, na aliona ni haki limchome.

Mfungo ukaanza mara ya pili. Jovitus alileta jibu kutoka Foshan: mtu yule angengoja mpaka maua ya mwaka mpya wa Kichina yanyauke majumbani, zaidi ya hapo hapana. Bi Mwatima aliendelea kubadilisha maji na kutazama mchanga, na alichokiona alikisema. Swalha aliitikia "sawa", akaja kutazama mwenyewe kila mara.

Ijumaa Bimkubwa akabisha hodi na wenzake wale wale. Swalha alikuwa chumbani kwake, mlango umerudishwa nusu. Jike alikuwa kwenye kioo, anakwaruza.

"Bi Mwatima, huyu mbona tena?"

Bi Mwatima aliendelea kumimina chai. "Hapewi chakula. Wanafungishwa wapelekwe kwenye baridi wakalale. Wakiamka wapandane, jike atage. Na siku ile nilijua hivyo hivyo, nikawalisha kwa kuogopa midomo yenu. Niliharibu kazi ya watoto."

Bimkubwa alimkodolea macho. Kisha akapasuka kicheko mpaka akajishika ubavu. "Wapandane! Astaghfirullah! Jamani, Bi Mwatima kawa kungwi wa mijusi!" Na mkono wake ulikuwa umekwisha ingia mkobani kutafuta simu.

Bi Mwatima hakumzuia. Uso wake ulikuwa unawaka mpaka masikioni, chai ikamwagika kidogo kwenye sahani. Chumbani Swalha hakutoka, ila mkwaruzo wa kalamu yake mezani ulikuwa umekoma; alikuwa anasikiliza.

Matumbo yalipokuwa matupu tena, joto lilishushwa kidogo kidogo, na jioni moja ya mvua nyembamba Jovitus akaja. Yeye alibeba boksi la dume, Swalha akabeba la jike, wanatembea kwa hatua za kuiba ili wasiwashtue. Hakuna aliyemwambia Bi Mwatima ashike upande. Alitangulia mbele akawafungulia mlango wa roshani, baridi ikampiga kifuani. Walipopita aliurudisha mlango taratibu nyuma yao, akabaki upande wa ndani, mkono kwenye kitasa, akingoja watakapotaka kufunguliwa.